Ulezi Niliomwachia Kerubo

Kumwonea wivu mtu aliye hai ni jambo la kila siku, lakini mimi wiki hii nimemwonea wivu marehemu, tena marehemu ambaye hata hajazikwa. Jumanne asubuhi nilikuwa nimekaa na chai yangu, binti yangu Pendo akanipigia simu kutoka Apple Valley, analia mpaka nikadhani amegonga mtu na gari. “Auntie is gone,” akasema. Nikamwuliza gone wapi, ina maana Kerubo kaenda Kenya bila kuaga? Akazidi kulia, na hapo ndipo nikaelewa. Moyo, ghafla tu, akiwa nyumbani kwake Woodbury. Nami nililia, sikatai. Kerubo nilikaa naye nyumba moja, nikala naye sahani moja, na sina wa kumfananisha naye. Lakini nilipomaliza kulia, mwanangu alikuwa bado analia. Jioni nikampelekea wali na maharage, analia. Kesho yake nikapiga simu, analia. Nikajikuta nimesimama jikoni kwangu na sufuria mkononi, nikijiuliza swali ambalo mama mwenye akili zake hajiulizi: siku yangu ikifika, huyu mtoto atanililia hivi? Na wivu wa zamani ambao nilidhani umeshakufa ukanikalia kifuani kama haukuwahi kuondoka.

Wivu huo nauanzishia mwaka mmoja tu, mwaka ambao Pendo alianza shule. Habari za baba yake na za jinsi nilivyofika Minnesota nazipita, hazina uji ndani yake. Tulikuwa tunapanga Fridley, ghorofa ya pili, vyumba viwili, karibu na reli, kiasi kwamba treni za mizigo zikipita vikombe vilikuwa vinaongea kabatini. Chumba kimoja mimi na Pendo, kingine Kerubo, Mkisii mrefu mwenye sauti nzito ambaye nilimpata kupitia mtu wa kanisani. Jiko lilikuwa jembamba, ukifungua friji huwezi kufungua oveni, na juu ya mlango wake kulikuwa na kile kidude cha kupiga kelele kikisikia moshi. Kidude kile kilinichukia mimi binafsi. Nilifanya kazi nyumba ya wazee, shifti ya asubuhi, natoka kungali giza na kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa vidole visivyonisikia. Kerubo naye alikuwa na shifti ya jioni kwingine, huku anasomea unesi. Kwa hiyo tulielewana hivi: jioni mtoto ni wangu, asubuhi yeye anamwamsha na kumfikisha kwenye basi la shule. Chakula chake cha asubuhi nilikuwa namwachia mwenyewe mezani, chai ya maziwa kwenye chupa na chapati za Jumapili ndani ya karatasi ya kung'aa. Nilijiona nimemaliza.

Basi siku moja mwalimu akaniita. Nikaenda baada ya kazi, na sare yangu, nimechoka, nikakaa kwenye kikiti cha watoto magoti yakinigusa kidevu. Mwalimu, mama wa makamo mwenye uso wa upole, akaniambia Pendo anasinzia kabla ya chakula cha mchana, na alipoulizwa asubuhi amekula nini alijibu amekunywa chai. “Ndiyo,” nikasema, tena kwa fahari, “anakunywa chai kila siku. Kwetu hakuna mtoto anayetoka nyumbani bila kunywa chai.” Akaniuliza, chai tu? Nikadhani ananiuliza kama simpi na kahawa. Nikamwambia chai tu, kahawa mbaya kwa mtoto! Yule mama akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. Akaanza kuniambia polepole, kama anaongea na mgonjwa, kwamba mtoto anahitaji yai, tunda, uji, kitu cha kumshikilia hadi mchana, na akanipa mfuko wa vibiskuti vya shayiri niende navyo. Nilishafika kwenye gari, nimeshafunga mkanda, ndipo ikaniingia akilini kwamba kwa Kiingereza kunywa chai ni kunywa maji ya majani, basi. Chapati haimo. Yai halimo. Nimejitangaza mwenyewe kwamba namshindisha mwanangu njaa.

Kerubo nilipomsimulia alicheka akashika ukuta. “Aki Mama Pendo, si ungesema tu mkate na mayai!” Kisha akasema kile ambacho wapangaji wenzangu wengine wasingethubutu. “Lakini nikwambie ukweli? Hiyo chapati yako hakulangi. Asubuhi inakuwa imekauka kama soli ya kiatu. Anakunywa chai, anaangalia katuni, tunatoka.” Sasa fikiria, mtu amekudharau chapati. Nilikaa na jambo hilo siku nzima nikiwageuza wazee wa watu vitandani. Usiku huo nilitoa kabatini unga wa ulezi ambao mama mmoja wa kanisani aliniletea kutoka Singida kwenye sanduku lake, umefungwa kwenye kipande cha kitenge, unga niliokuwa nautunza kama dhahabu. Asubuhi yake nilichelewa. Nilikuwa mlangoni nimeshavaa mabuti, Kerubo akatoka chumbani kwake kwenda msalani, nami nikamwambia harakaharaka, “Dada, ulezi nimekuachia wewe. Naomba uushughulikie vizuri, maana mimi asubuhi siwezi.” Akasimama. Akaweka mkono kifuani. “Mama Pendo,” akasema, “sitakuangusha.” Nikashuka ngazi nikiguna. Hawa Wakenya, nikasema moyoni, hata uji wanauapia.

Hakuniangusha. Ndilo tatizo. Jioni kabla ya kwenda kazini alikuwa anakoroga unga na maji na maziwa mgando kidogo, anauacha kwenye bakuli uchachuke. Asubuhi anachemsha maji, anamimina, anakoroga mara chache, umeiva. Anatia siagi ya karanga kijiko kimoja, anakamulia limau. Mayai alichemsha Jumapili ya kutosha wiki nzima, viazi vitamu alioka Jumapili hiyohiyo, akavikata vipande vya kushika mkononi. Mtoto anakula yai akivaa soksi, anakula kiazi akifungwa zipu ya koti, na uji anakwenda nao kwenye kikombe chenye mfuniko mpaka kwenye basi. Hakuna kubembeleza, hakuna katuni. Pendo akanawiri. Mashavu yakajaa. Mwalimu akanipungia mkono kwa furaha maegeshoni, na mimi nikapunga kinafiki, maana sifa haikuwa yangu. Unga wangu! Mtoto wangu! Niliona wivu hata kwa ule mwiko. Na juzi hapa nilikwenda kwa Pendo Apple Valley, nikafungua friji kutafuta maziwa, nikakuta mayai ya kuchemsha yamepangwa na bakuli la uji uliolowekwa limefunikwa sahani. Mwanangu ana kazi ya hospitali, asubuhi zake ni mbio, na katika mbio zake zote anakimbia kama Kerubo. Nilifunga friji nikanywa chai kavu.

Mwaka ule sikujua kufunga friji. Nilikuwa natafuta maneno. Kerubo akaanza kumsuka Pendo nywele asubuhi, wakati uji unapoa. Akaenda shule kuongea na mwalimu bila kuniambia, eti aliona ni jambo dogo. Akamnunulia suruali ya theluji. Nikajiambia huyu ana lake, huyu ananiibia mtoto taratibu, na mimi nimelala. Siku moja nilikuwa na mafua, nikabaki kitandani, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa karatasi tupu. Nikawasikia jikoni. “Bwakire,” anasema Kerubo, salamu ya asubuhi ya Kikisii. “Bwakire,” anajibu Pendo, na kicheko juu. Kisha Kerubo anamwuliza leo watakula jua au mwezi, yaani kiini cha yai au weupe wake, na mtoto anacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukisikia, kicheko cha asubuhi, kwa sababu asubuhi mimi sikuwapo. Baadaye Pendo akachungulia chumbani kuniaga. Badala ya shikamoo, mtoto wangu, mjukuu wa watu wa Singida, akaniambia bwakire. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Kerubo akadhani ni homa, akaniletea uji.

Nikaamua Jumamosi nitapigania changu. Jumamosi sina kazi, basi la shule hakuna, uwanja ni wangu. Niliamka mapema nikakanda maandazi, nikatia iliki, nikateleka mafuta. Nilitaka Pendo aamke kwa harufu ile, aje jikoni na macho ya usingizi, akae, ale andazi la moto la mama yake. Andazi la kwanza likaumuka vizuri. La pili. La tatu likadondosha tone la mafuta kwenye jiko, moshi ukapanda, na kile kidude juu ya mlango kikaanza kelele zake. Nikapepea kwa taulo, wapi. Nikapanda kiti, wapi. Pendo akatoka chumbani analia, ameziba masikio, akanipita mimi niliyesimama juu ya kiti na taulo, akakimbilia mlango wa Kerubo. Akaingia. Mlango ukafungwa. Nikashuka, nikaushika mgongo wa kiti nikasubiri moshi uishe. Walipotoka nilikuwa nimeshapanga maandazi kwenye sahani nzuri. “Kula, mama,” nikamwambia. Akayatazama, akamtazama Kerubo, akanitazama mimi. “I'm good,” akasema, na nilishakaa nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba maana yake ni sitaki. Kerubo alikula matano, akayasifu moja moja. Nilimchukia kwa kila tonge.

Kilichopasua jipu ni siku ya mapumziko yangu, katikati ya baridi. Nilimwambia Kerubo alale, leo mtoto nampeleka mimi. Nikachemsha yai, nikapika uji wa madonge, Pendo akala kwa adabu, kimya, kama mgeni aliyekaribishwa kwa watu. Tukashuka kituoni, nimemshika mkono, theluji inalia chini ya mabuti. Basi likaja. Dereva, mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, akafungua mlango, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, halafu akamwuliza Pendo, “Mama yuko wapi leo, anaumwa?” Nikafungua mdomo. Pendo akanitangulia. “No,” akasema, “she's sleeping.” Akapanda, akakaa, akanipungia kupitia dirishani. Hakuwa na ubaya wowote, mtoto wa watu. Ameulizwa swali, amelijibu anavyojua. Basi likaondoka, na mimi nimesimama pale na kikombe chenye mfuniko alichokisahau mkononi mwangu, uji bado wa moto.

Ngazi nilizipanda mbilimbili. Nikagonga mlango wa Kerubo kwa kiganja. Akafungua na kilemba chake cha kulalia, macho madogo. “Kuna nini? Pendo ako sawa?” Hilo lilikuwa swali lake la kwanza, na hilo nalo likanichoma. “Nani kakupa mwanangu?” nikamwuliza. “Nani alikwambia uwe mama yake?” Kerubo akanishangaa kweli, si kwa kuigiza. “Si ni wewe!” akasema. “Ulisimama hapo kwa mlango na mabuti, ukaniambia ulezi umeniachia, niushughulikie vizuri kwa sababu wewe huwezi. Mama Pendo, mimi niliingia kwa chumba nikalia. Nikasema, huyu mama ameniamini na mtoto wake. Hata nilipigia mamangu simu nikamwambia.” Nilihisi masikio yanapata moto. “Ulezi wa uji!” nikapiga kelele. “Unga! Unga ulioko kabatini!” “Hiyo kwetu ni wimbi!” “Wimbi liko baharini! Ule ni ulezi!” Tukatazamana. Treni ikapita, vikombe vikaongea mpaka behewa la mwisho.

Kerubo ndiye aliyeanza kucheka. Akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa sakafuni, anacheka na kupiga zulia kwa kofi, “Wimbi! Yaani ni wimbi!” Mimi nami kicheko kikanitoka, sikukitaka. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika tofauti, na hakikuwa kicheko tena. Mtu mzima alikuwa analia kwenye zulia letu kwa sababu nimemwambia alichopewa kilikuwa unga. Mtu mwenye moyo mwema angeinama. Mimi nikasema, “Basi nirudishie.” Akajipangusa kwa kilemba. “Nikurudishie nini, Mama Pendo? Unga si huo hapo, chukua. Huo ulezi mwingine nitautolea wapi?” Nimekaa na swali lile miaka yote hii. Kerubo hakuwa na mtoto, na wakati ule hatukujua, yeye wala mimi, kwamba hatapata.

Niliomba kazini wanibadilishie, nikapewa shifti ya mchana. Asubuhi zikawa zangu, jioni nikazipoteza, mtoto akawa anabaki kwa mama mmoja wa kanisani, ndivyo nchi hii inavyogawa. Kerubo alinifundisha uji wake mwenyewe, amesimama nyuma yangu, “Koroga upande mmoja, usiharakishe,” na madonge yakaisha. Viazi tulioka pamoja Jumapili. Pendo akala, akashiba, hakusinzia tena shuleni, na dereva wa basi akajifunza sura yangu. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia nimeshinda. Lakini nilikuwa nikigeuka kutoka jikoni namwona mtoto anautazama mlango wa Kerubo, kijiko mdomoni. Mwaka wa shule ulipoisha Kerubo alipata kazi yake ya unesi, akahamia Woodbury. Siku anapakia sanduku kwenye gari Pendo alimng'ang'ania miguu, na mimi nilifurahi. Naandika hivyo bila aibu: nilifurahi, nikambeba mtoto anayelia nikapanda naye ngazi, nikasema sasa ni mimi na wewe. Haikuwa hivyo. Kila likizo alitaka Woodbury. Alipovunja ungo alimwambia Kerubo kwanza. Alipopata kazi simu ya kwanza ilikwenda Woodbury, ya pili Fridley, najua kwa sababu Kerubo, kwa wema wake unaoudhi, alinipigia kunipongeza kabla sijajua napongezwa kwa lipi.

Jana tulikuwa kwenye maombi ya kumuaga, ukumbi wa kanisa, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kisii. Kaka yake alikuja na mkewe, wakakaa mbele kwenye viti vya wafiwa, na kiti kimoja kikabaki kitupu kando yao. Mimi nilikaa safu ya tatu, nikamwekea Pendo nafasi, nikaweka mkoba wangu juu yake ili mtu asikae. Pendo akaingia kwa nguo nyeusi, akatembea katikati ya watu, akanipita. Akakaa kwenye kile kiti. Mke wa kaka mtu akamshika mkono kama kitu kilichokuwa kimeshapangwa, na pengine kilishapangwa. Nikauondoa mkoba wangu. Waliimba, wakasoma, wakasimulia jinsi Kerubo alivyowatunza wagonjwa, na mimi sikusikia nusu yake. Nilikuwa natazama kisogo cha mwanangu, nywele zake zilivyosukwa, nikiwaza maneno mabaya ya kumwambia kwenye gari.

Mwisho mchungaji akasema tupite mbele kuwapa wafiwa mkono wa pole. Watu wakajipanga. Ningeweza kutoka kwa mlango wa nyuma, na nilifikiria. Nikajipanga. Mbele yangu kulikuwa na akina mama wa Kikenya, wanainama mmoja mmoja, “Pole sana, mami,” na Pendo, ambaye mimi nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, anawajibu wote kwa Kiswahili chake cha kigugumizi, “Asante, mama. Asante, mama.” Zamu yangu ikafika. Akaniinulia macho yaliyovimba, na nikaona ananiogopa, anasubiri niseme kitu. Maneno ya kwenye gari nilikuwa bado ninayo mdomoni. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

“Pole, mwanangu,” nikasema. “Pole kwa kufiwa na mama.”

Uso wake ukajikunja kwa kilio. Akaubana mkono wangu kwa nguvu, akaitikia kwa kichwa mara nyingi. “Asante, mama,” akasema. Ni maneno yaleyale aliyowaambia wanawake wote waliokuwa mbele yangu, na niliyasikiliza kwa masikio yote niliyo nayo kama yana tofauti. Kisha nikasogea, maana nyuma yangu kulikuwa na watu.